Dagaa wa Kibirizi kwenye stetasi, na maswali mengine ya wenye simu mpya

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka mkoa wetu wa Kigoma: Kibirizi, Kalinzi, Kasulu, Ujiji, Katonga, Buhigwe. Wengi mlioandika ni watu wazima mlionunuliwa simu ya kupangusa na watoto wenu, kisha mtoto akapanda basi akarudi mjini na maelekezo akaondoka nayo. Mimi naishi Mwanga, hapa Kigoma mjini, na ukiacha safu hii kazi yangu ni kibanda cha simu, kwa hiyo maswali haya nayasikia kila siku mezani pangu. Mtaona najibu zaidi habari za WhatsApp. Ni kwa makusudi: anayeanza aujue mtandao mmoja vizuri, mingine itamngoja.

"Habari za kazi, dada. Nauza dagaa na migebuka mikavu Kibirizi. Mwanangu wa Dodoma kaninunulia simu na kuniwekea WhatsApp, ananiambia nitauza hadi Dar es Salaam nikiwa hapahapa mwaloni. Nimebandika picha za dagaa kwenye stetasi wiki nzima, hajauliza hata mtu mmoja. Kasoro iko wapi?"
— Mama wa dagaa, Kibirizi

Shikamoo mama. Kabla ya picha, tuanze na namba. Stetasi yako inaonwa na mtu ambaye wewe umehifadhi namba yake na yeye amehifadhi yako. Upande mmoja ukikosekana, haoni kitu. Akina mama wengi wa mwaloni wanaokuja kibandani kwangu wana wateja wa miaka mingi, lakini namba zao ziko kwenye daftari, simu haizijui. Nadhani hata wewe ni hivyo. Kaa jioni moja na kijana anayejua kuandika haraka, mziingize zote, na kila jina mliongezee mji na anachonunua, kwa mfano "Dodoma migebuka" au "Tabora dagaa gunia". Kisha kila mmoja umtumie ujumbe: "Ni mimi mama wa dagaa wa Kibirizi. Hii ndiyo namba yangu ya WhatsApp, naomba uihifadhi ili uone mzigo ukitoka." Bila hatua hiyo utabandika picha mwaka mzima ukijitazama mwenyewe.

Sasa picha. Nyingi ninazoziona zimepigwa ndani ya ghala, giza, tochi ya simu ikimulika juu ya gunia. Dagaa wanaonekana weusi. Mnunuzi akiwa mbele yako huchota kiganja, hunusa, husugua vidole kuona kama kuna mchanga, ndipo anauliza bei. Wa mbali hawezi, kwa hiyo umfanyie wewe kwa video. Toka nje asubuhi jua likiwa bado la upande. Weka sinia au kitambaa cheupe. Chota dagaa kiganjani, sogeza simu karibu mpaka ile rangi ya fedha ya ubavuni ionekane, waachie taratibu juu ya kitambaa, kisha uwaondoe na uoneshe kitambaa kitupu. Kama umeanika kwenye chanja, kitambaa kitakuwa safi, na hapo umeshasema kila kitu. Mtu wa Dar es Salaam aliyewahi kutafuna mchanga kwenye mboga yake hatasahau video hiyo. Maliza na mzani, usome kilo kwa sauti yako mwenyewe.

Bei iandikwe. Hayo maneno ya "bei poa, njoo tuongee" yanafukuza wateja, maana asiyeiona bei anahisi atapandishiwa kwa kumtazama sura. Andika kwa kilo. Sado iache, kwa sababu ya huku inajazwa kilima na ya kwingine inakatwa juu, na ugomvi huanzia hapo.

Kuna jambo ninyi wa mwaloni mnalijua na mteja wa Dodoma halijui kabisa: mwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti, boti zinapumzika, bei inapanda. Mteja akikuta bei imebadilika ndani ya wiki mbili anadhani umemgeuka. Mwambie mapema. Siku chache kabla mwezi haujawa mpevu bandika video ya mzigo ulio nao na useme kwa sauti: "Mbalamwezi inaingia, mwenye kuhitaji aagize sasa." Giza likirudi, waoneshe boti zinavyotia nanga alfajiri. Mtu akishazoea kupata habari za namna hiyo kwako ataifungua stetasi yako hata siku ambayo hanunui. Na usione haya kubandika kila siku. Stetasi inafutika yenyewe baada ya saa 24, haimjazii mtu simu. Gusa alama ya jicho chini ya picha yako, utaona majina ya walioitazama. Yule anayetazama kila siku na haulizi, mpigie simu. Huyo anataka, anasita tu.

Malipo, mama, hapo uwe mgumu. Mzigo usitoke mpaka hela uione kwenye salio, na salio uliangalie mwenyewe kwa kuingia kwenye menyu ya mtandao wako wa simu. Kusoma meseji peke yake hakutoshi. Matapeli huandika meseji inayofanana neno kwa neno na ya muamala, wakaituma kutoka namba ya kawaida. Dakika tano baadaye anapiga: "Mama, nimezidisha, nirudishie elfu hamsini." Mjibu kwa upole awapigie huduma kwa wateja wa mtandao wake, wao ndio wanaoshughulikia muamala uliokosewa. Usirudishe kwa mkono wako.

Ukishapeleka mzigo kwenye basi, piga picha tatu na uzitume palepale: gunia lililoandikwa jina na namba ya mpokeaji, stakabadhi, na namba za basi lenyewe. Ukizoea yote haya, mwombe mwanao akuhamishie kwenye WhatsApp Business. Ni ya bure, namba yako inabaki ileile, na ina sehemu ya kupanga bidhaa na bei zake zikakaa hapo bila kufutika. Lakini usianzie huko.

"Nikiandika kitu Facebook, watu wangu wa WhatsApp wanakiona? Na je, hii mitandao ni ya mtu mmoja?"
— Mkulima wa kahawa, Kalinzi

Hawakioni, mpaka wewe mwenyewe uwatumie. Mwenye mali ni mmoja kweli: Facebook ilianza mwaka 2004, WhatsApp 2009, na mwaka 2014 Facebook ikainunua WhatsApp. Tangu 2021 kampuni yenyewe inaitwa Meta. Ila matumizi ni tofauti. WhatsApp inakukutanisha na watu wenye namba yako. Facebook inakukutanisha na usiowajua, kwa hiyo ni nzuri unapotafuta: makundi ya wakulima wa kahawa, mtu anayeuza miche, fundi wa mashine ya kukoboa. Jiunge, soma kwanza majuma kadhaa kabla hujauliza, na anayekutaka utume nauli au "hela ya kushikilia mzigo" kabla hujauona, mwache.

Kila unapoandika Facebook, tazama juu pameandikwa nini: kama ni umma, dunia nzima inasoma, kama ni marafiki, ni hao tu. Picha za watoto wakiwa na sare za shule nakuomba usiziweke kwa umma. Jina la shule kifuani linamwambia mtu asiyejulikana pa kumpata mtoto, na muda wa kumpata.

"Dada, mimi niko Dar es Salaam, mama yangu yuko Kasulu, hakubahatika kusoma. Nampigia lakini mtandao ukisumbua tunapotezana hata siku tatu. Asiyejua kusoma anaweza kutumia WhatsApp?"
— Binti wa Kasulu

Anaweza, mdogo wangu, na swali lako limenigusa kuliko yote, kwa sababu kuna akina mama wengi sana wanaonyimwa simu hizi kwa kuambiwa "hii ni ya wasomi". Sauti haihitaji herufi. Tena kwa sauti mama atakusalimia kwa Kiha chake, atakueleza mambo ya shamba kwa maneno yake, na wewe utamsikia alivyo, kama kafurahi au anaumwa na anaficha. Akikosa mtandao ujumbe wake unakaa simuni na kujituma wenyewe mtandao ukirudi. Wako vilevile utamfikia, naye ataurudia kuusikiliza mara anazotaka.

Siku ukienda nyumbani mwandalie simu. Kwanza waambie ndugu zako wote waweke picha ya sura zao kwenye profaili, sura iliyo karibu, bila miwani ya jua. Maua na maandishi ya dini waweke kwingine, maana mama atawatambua kwa nyuso. Pili, mazungumzo yanaweza kubandikwa juu kabisa ya orodha: shikilia jina kwa kidole, kisha gusa alama ya pini. Weka watatu anaowahitaji zaidi, wasiwe wanashuka chini kila kundi likiandika. Tatu, ondoa kwenye uso wa simu kila kitu asichokitumia. Zibaki alama za kupiga simu, WhatsApp na kamera.

Halafu mfundishe jambo moja tu: kipaza sauti kilicho chini, upande wa kulia. Mabibi wengi ninaowafundisha huanza kusema kabla hawajabonyeza, au huachia kidole katikati ya salamu, ujumbe ukaenda "Habari za…" basi. Dawa yake ni kumwonesha kwamba akibonyeza na kukisukuma kidole kwenda juu, kinajifunga, anaweza kuachia na kuongea mikono ikiwa huru. Akimaliza anagusa mshale wa kutuma. Mpe mazoezi: wewe kaa chumba kimoja, yeye kingine, mtumiane. Usimshikie simu. Ukimshikia kila anapokwama, ukiondoka na ujuzi umeondoka. Akitaka kujua kama umemsikiliza, mwoneshe kale kapicha ka kipaza sauti kwenye ujumbe wake: kanageuka bluu ukishausikiliza.

Na mpe amri moja ya nyumba. Picha ya mtu huibiwa kirahisi. Ikija sauti asiyoizoea inaomba hela, hata kama sura ni yako, akupigie kwanza kwenye namba yako ya siku zote.

"Mwanangu, ndugu yetu alinitumia ujumbe WhatsApp: 'Samahani, kuna namba sita zimekuja kwenye simu yako kwa makosa, nitumie.' Nikamtumia. Tangu hapo WhatsApp yangu imejifunga, na watu wa ukoo wanasema ninawaomba hela. Nimechoka kwa aibu."
— Mzee mstaafu wa reli, Ujiji

Shikamoo mzee wangu, na pole sana. Aibu si yako, ni ya aliyekufanyia. Hata ndugu yako huyo hakukuandikia yeye, naye alikuwa ameshanyang'anywa akaunti kwa njia hiyohiyo. Zile namba sita ni ufunguo ambao WhatsApp humtumia mwenye laini kila mtu anapojaribu kufungua akaunti kwa namba yake. Tapeli aliandika namba yako kwenye simu yake, ufunguo ukaja kwako, akakuomba. Kwa kuwa uliombwa na jina unalolijua, ni nani angekataa?

Fanya hivi leo, kwa mpangilio huu. Kwanza, simu za kawaida: wapigie wakubwa wawili watatu wa ukoo, wawatangazie wengine kwamba anayeandika si wewe na asitume mtu hela. Hilo lisingoje. Pili, fungua WhatsApp upya kwenye simu yako kwa namba yako. Utatumiwa namba sita mpya kwa meseji, kwa sababu laini unayo wewe. Ukiziingiza, yeye anatolewa papo hapo. Inawezekana ukaombwa na pini nyingine ya tarakimu sita usiyoijua. Maana yake tapeli ameiweka. Usihangaike kubahatisha na usimlipe mtu anayedai ataifungua: utasubiri siku 7, kisha utaingia bila hiyo pini. Katika siku hizo yeye naye hayumo tena, alishatolewa ulipoingiza namba sita.

Ukirudi ndani, nenda kwenye mipangilio, akaunti, uthibitishaji wa hatua mbili, uweke pini yako mwenyewe. Usitumie mwaka wa kuzaliwa. Kisha tazama sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Ukiona kompyuta au simu usiyoijua, iondoe.

Ukiwa umeshika simu, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta namba ambayo si yako, nenda nayo kwenye duka la mtandao husika. Namba ya tapeli itume kwenda 15040, ambayo imewekwa kwa ajili ya kuripoti meseji za utapeli. Na kama kuna ndugu aliyekwisha kutuma hela, aende polisi na meseji za muamala akiwa nazo simuni, asizifute kwa hasira.

Wasomaji wengine mliobaki salama, hiyo pini wekeni kabla hamjalala leo. Kibandani kwangu naiwekea kila mteja kabla sijampa simu yake, hata aliyekuja kubadilisha kioo tu.

"Kila ikikaribia Mei magrupu yanajaa: ziwa linafungwa, mara halifungwi, na barua zenye mihuri. Wengine tunaacha kununua nyavu kwa hofu. Tumwamini nani?"
— Mvuvi, Katonga

Uvumi huu una nguvu kwa sababu una pa kushika. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipumzishwa kweli, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka: sisi, Burundi, Kongo na Zambia. Basi barua ya kweli ya mwaka mmoja inafufuliwa mwaka mwingine, na mtu haangalii tarehe. Ukiipata barua, ikuze kwa vidole viwili usome tarehe na miezi iliyotajwa kabla ya kutazama muhuri.

Tazama pia alama juu ya ujumbe. Mishale miwili iliyofuatana inamaanisha umeshapita mikononi mwa watu wengi. WhatsApp waliweka kikomo mwaka 2019, ujumbe usitumwe kwa zaidi ya mazungumzo matano kwa mara moja, na mwaka 2020 ule uliosambaa sana wakauwekea kikomo cha mazungumzo moja. Kwa hiyo ukijaribu kuutuma kwa wenzako na simu ikakukatalia zaidi ya mmoja, ujue hata aliyekutumia hajui ulikotoka.

Wa kuulizwa wapo karibu: viongozi wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa uvuvi, cha mwalo wenu na afisa uvuvi. Mpigie simu, upate jibu, kisha uliandike kwenye kundi ukitaja ulimuuliza nani na siku gani. Mtu mmoja akifanya hivyo kila mara, kundi lote linatulia. Na ukumbuke kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamgusa anayechapisha taarifa akijua ni ya uongo kwa nia ya kupotosha watu. Tapeli anayetafuta nyavu za bei ya kutupa anajua kuitumia hofu hiyo. Ukiona nyavu zinauzwa kwa haraka wiki hiyo, tazama kwa makini ni nani aliyekuwa wa kwanza kuleta barua.

"Bando la wiki linakata siku ya pili na sijatazama chochote."
— Mwalimu, Buhigwe

Simu imetazama kwa niaba yako, mwalimu. Picha zinazotupwa kwenye makundi, na video pia kama mipangilio inaruhusu, zinajipakua zenyewe hata usipozifungua. Ingia mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, utakuta orodha ya vitu vinavyojipakua unapotumia data ya simu. Ondoa alama kwenye vyote: picha, sauti, video, nyaraka. Ujumbe wa sauti wa ndugu zako utaendelea kuingia kama kawaida, na picha unayoitaka utaigusa mwenyewe.

Hapohapo mipangilioni angalia nakala rudufu ya mazungumzo, uiamuru isubiri Wi-Fi. Play Store nayo uiambie isisasishe programu kwa data yako. TikTok ina kitufe cha kubana data, kiwashe. YouTube, unapotazama somo la darasani, gusa alama ya mipangilio kwenye video ushushe ubora hadi 240. Maandishi ya ubaoni yakikataa kusomeka, pandisha hadi 360, usizidishe.